Siku nne Cape Town, na kitanda kimoja

Swali la wiki lilikuwa hili: wapenzi wa jinsia moja wenye fedha yao wanataka siku nne za raha mjini, wajipange vipi? Ukiulizia hapa Tanga, utatajiwa Raskazone, upepo wa bahari na samaki wa kuchoma. Kwa mke na mume, sawa kabisa. Kwa wanaume wawili au wanawake wawili ni ushauri wa kuwaponza. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30, kwa kile kinachoitwa kinyume cha maumbile, na mlango wa hoteli hauzuii sheria hata chumba kiwe cha bei gani. Kuvuka kwenda Zanzibar hakusaidii. Nako kuna sheria yake.

Kwa anayeanzia Tanga, fedha hiyo iende Cape Town. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inakataza ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kijinsia, ndoa za jinsia moja ni halali tangu 2006, na pasipoti ya Tanzania haihitaji viza kwa matembezi ya hadi siku 90. Iwe na kurasa mbili tupu na isikaribie kuisha. Kadi ya homa ya manjano bebeni tu, maana sindano moja sasa inahesabika kwa maisha yote.

Safari yenyewe huharibikia kwenye maunganisho. Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350, na foleni ya kuingia jijini haina ratiba, kwa hiyo laleni Dar usiku mmoja (vyumba viwili, sheria ni ileile). Halafu kateni tiketi moja ya kupitia Johannesburg mpaka mwisho wa safari, na muwe na saa tatu za kuunganisha. Johannesburg ndipo mnapogongewa muhuri, mnachukua mabegi, mnapita forodha, kisha mnayakabidhi upya kwa ndege ya ndani. Wenye tiketi mbili mbalimbali wakicheleweshwa na ndege ya kwanza, ya pili imekula kwao.

Hoteli tafuteni De Waterkant, Green Point au Waterfront. De Waterkant ndiyo mtaa uliozoeleka kwa wapenzi wa jinsia moja: nyumba ndogo za zamani, mikahawa, baa, kila kitu jirani. Ukipanda kidogo unaingia Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu wenye msikiti wa 1794, na adhana inasikika kama uko Ngamiani. Huko vaeni kwa heshima, na mtu msimpige picha bila kumwomba.

Sasa kitanda, maana hapa ndipo fungate nyingi huingia doa. Mfumo wa hoteli ukiona majina mawili ya kiume, mara nyingi hugawa chumba cha vitanda viwili, ama husogeza viwili pamoja na kuvifunika shuka moja. Usiku ule ufa wa katikati mtaujua. Msitegemee kisanduku cha "maombi maalumu". Andikieni hoteli moja kwa moja: "Sisi ni wanaume wawili, ni wapenzi. Tunataka kitanda kimoja kizima kikubwa, si viwili vilivyounganishwa. Kadi ya makaribisho iandike majina yetu yote mawili. Tafadhali thibitisheni kwa maandishi." Someni jibu kwa makini. Wakijibu kuhusu kitanda, majina na saa ya kufika, hapo pazuri. Wakikwepa, au wakiwaita "wewe na rafiki yako", hamieni kwingine kabla tarehe ya kughairi bure haijapita.

Mwezi bora, kwa maoni yangu, ni Machi. Desemba bei hupaa na upepo wa kusini-mashariki huvuma hadi gari la kebo la kupanda mlima wa Table Mountain linafungwa. Juni hadi Agosti ni mvua na baridi. Mlima wekeni asubuhi ya kwanza yenye anga safi, msiuachie siku ya mwisho. Mkiwa juu mkasikia honi, teremkeni, upepo umepanda. Tena huko jua halizami kwa saa ya Tanga. Katikati ya kiangazi chao, Desemba na Januari, huzama karibu saa mbili usiku, kwa hiyo meza ya chakula cha jioni ya kutazama machweo ikiwekwa saa kumi na mbili na nusu mtakula juani. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.

Kuogelea? Clifton ina fukwe nne zilizokingwa na upepo, na ya tatu ndiyo yenye sifa ya wapenzi wa jinsia moja. Ila maji ni ya barafu. Aliyezoea bahari ya Raskazone hutumbukiza kifundo cha mguu na kurudi kwenye taulo.

Usiku iteni gari kwa programu ya simu hata kwa kilomita moja, na mkishaliita simu ikae mfukoni. Sheria nzuri haijafuta wizi, wala chuki katika baadhi ya mitaa.

Mwisho ni kadi ya benki. Hoteli za hadhi huzuia kiasi fulani cha dhamana mnapoingia. Kwenye kadi ya debiti ni fedha yenu halisi inayoshikiliwa, na inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi, hivyo chakula cha siku nne kisitegemee kadi hiyohiyo. Iambieni benki tarehe za safari, ombeni kikomo cha matumizi kipandishwe, na kila mmoja abebe kadi yake. Soketi zao zina matundu matatu makubwa ya mviringo. Adapta nunueni kabla ya kuondoka.

Msomaji, Chumbageni, Tanga