Pishi Jipya Lianzie Sufuria Ndogo

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Ramadhani inakaribia, na kila mtu ana pishi alilolitoa mahali, kwa jirani, kwenye simu au nyuma ya pakiti, na anataka lifike kwenye jamvi la futari. Kwa wote tunasema hivi kabla ya lolote: mara ya kwanza pika nusu ya kipimo, kama lilivyoandikwa, siku ambayo huna mgeni. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha unga, moto na mayai kwa mkupuo halafu keki ikalala, hutajua kilichoilaza ni kipi.

*Assalaam aleikum Bi Mhariri. Nina pishi la keki ya machungwa lililoandikwa kwa Kiingereza. Linataka oveni ya nyuzi 350, nami nikazungusha kitufe hadi mwisho. Linataka pia unga unaoumuka wenyewe, nikatia unga wa ngano wa kawaida. Juu imeungua, kati mbichi, na haikupanda.*
— Msomaji, Bububu

Waaleikum salaam. Nyuzi 350 hizo ni za Fahrenheit, na oveni nyingi zinazouzwa kwetu zimeandikwa Selsiasi, mwisho wake kama 250. Toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9: unapata 177, yaani weka 175 hadi 180. Kama oveni yako ina feni, punguza nyuzi 20 nyingine. Ulipofika mwisho wa kitufe ulikuwa unachoma. Ganda la juu lilikauka kabla unga wa kati haujapata moto wa kuusimamisha.

Unga unaoumuka wenyewe umeshatiwa beking pauda kiwandani. Kwa kila gramu 150 za unga wa kawaida tia vijiko vya chai 2 vya beking pauda na chumvi ya kuchotwa kwa ncha za vidole, kisha chekecha pamoja mara mbili ili visibaki vidonge. Usitie beking soda kwa kipimo hicho hicho. Hiyo ina nguvu zaidi, na inahitaji kitu kichachu kama mtindi au maji ya ndimu, la sivyo keki inanuka sabuni.

Jambo la tatu hukuliuliza, lakini lipo: vikombe. Kikombe cha mapishi ya Kimarekani ni mililita 240, kijiko cha chakula 15, cha chai 5. Kikombe cha chai cha nyumbani kinaweza kuwa 180 au 300. Tafuta mizani ndogo ya jikoni, ndiyo itakayokuokoa kuliko chombo kingine chochote. Kikombe cha unga usioshindiliwa ni kama gramu 120 hadi 125, cha sukari 200. Na mayai: pishi la kigeni likisema yai kubwa, lina maana ya kama gramu 50 bila ganda. Ya kuku wa kienyeji mara nyingi hayafiki hapo, kwa hiyo kwa mayai 4 pima gramu 200, hata ikibidi uvunje 5.

*Mkate wa kumimina wangu juu una matundu mazuri, lakini chini una tabaka zito kama bumbwi lililoshikana. Mara nyingine unakuwa mchachu. Nimejaribu mapishi matatu tofauti na yote yananipa hivyo.*
— Msomaji, Wete

Mapishi matatu kutoa kosa moja kunaonesha kwamba kosa halimo kwenye karatasi. Limo kwenye kusaga. Mchele ukibaki na chenga, hata ndogo, chenga zile ni nzito kuliko tui, nazo zinazama wakati mkate unaumuka. Hilo ndilo tabaka lako la chini.

Anza na vikombe 2 vya mchele, kama gramu 400, usiwe ule uliochemshwa kiwandani kabla ya kukobolewa. Uroweke usiku kucha. Asubuhi uchuje mpaka maji yakome kudondoka, kwa sababu maji yanayobaki ndani yake yataharibu kipimo cha tui. Saga kwenye blenda pamoja na mililita 300 za tui zito na kijiko cha chai 1 cha hamira. Usiangalie saa: chovya kidole, sugua rojo kati ya kidole na gumba. Ukisikia mchanga, endelea kusaga. Blenda ikipata moto ipumzishe, maana rojo la moto linaiharakisha hamira kabla ya wakati wake.

Sukari usiisage humo. Hapo ndipo mapishi mengi yanapopoteza watu. Sukari ikiyeyuka inalegeza rojo, na nyingi inaichelewesha hamira. Acha rojo liumuke kwanza lifure na kutoa povu, dakika 45 hadi saa moja kwa joto letu. Ndipo utie gramu 150 za sukari, hiliki ya kusaga nusu kijiko cha chai na ute wa yai 1 uliopigwa ukafura. Changanya kwa mwiko, polepole, mpaka sukari iyeyuke. Rojo liwe kama uji mzito unaomiminika bila kukatika. Likiwa zito kama la kaimati, ongeza tui kijiko kimoja kimoja.

Sufuria ipate moto kwanza pamoja na kijiko cha samli. Ukimimina usikie inalia pembeni. Ikinyamaza, sufuria bado baridi, na matundu hayatasimama. Punguza moto. Baada ya dakika 5 hadi 7 utaona vitundu vinafunguka juu na pembeni pameshika. Hapo funika kwa mfuniko wa bati na upalie makaa juu, mengi kuliko ya chini: thuluthi mbili juu, thuluthi moja chini. Mwenye oveni aingize kwenye nyuzi 180. Kwa jumla ni dakika 20 hadi 25. Choma kijiti katikati, kitoke kikavu.

Uchachu ni wa kuacha rojo likapitiliza. Mapishi mengine yanasema saa mbili au tatu kwa sababu yameandikwa mahali penye baridi. Pemba mchana wa kaskazi, saa mbili ni nyingi mno. Likishafura na kushuka lenyewe, nguvu imekwisha. Na kama halikufura kabisa, ijaribu hamira: robo kikombe cha maji ya uvuguvugu, sukari nusu kijiko cha chai, hamira kijiko 1. Isipotoa povu kwa dakika 10, itupe. Maji yanayounguza kidole nayo yanaiua.

*Nimepika mchuzi wa kuku wa nchi za mbali, pishi linasema mimina kopo la tui, tia maji ya ndimu, chemsha dakika 20. Mimi nimetumia nazi. Tui limekatika vipande vipande na mafuta yakaelea.*
— Msomaji, Jang'ombe

Tui la kopo mara nyingi limetiwa vitu vya kulishikanisha, ndiyo maana linavumilia kuchemka. La kukuna kwa mbuzi halina. Kwa hiyo hatua za pishi zigeuze. Kopo la mililita 400 ni sawa na nazi moja kubwa iliyokomaa, ikunwe na kukamuliwa kwa kikombe kimoja na nusu cha maji ya uvuguvugu. Lakini likamue mara mbili, kwanza kwa nusu kikombe upate kasimile, kisha kwa kikombe kilichobaki upate tui jepesi. Kuku aive ndani ya tui jepesi pamoja na tungule, thomu na tangawizi. Kasimile itie mwisho, moto mdogo, ukikoroga kuelekea upande mmoja bila kuondoka jikoni, mpaka lianze kutokota kidogo pembeni. Epua. Ndimu ikamuliwe sufuria ikiwa chini, kwani uchachu pamoja na moto ndivyo vinavyolikata tui.

Lililokwisha kukatika linalika, ladha yake haijaharibika. Ukitaka kulificha, chota upawa wa mchuzi, usage na mbatata moja iliyoiva, urudishe.

*Wali wa vikombe 2 kwa vikombe 3 vya tui unanitoka vizuri. Nilipopika vikombe 8 kwa 12, nimepata bokoboko.*
— Msomaji, Tunguu

Kaka, mchele unanyonya karibu kikombe kwa kikombe. Kikombe kile cha tatu kwenye kipimo chako kidogo kilikuwa kinatoka na mvuke. Sufuria kubwa haipotezi mvuke mara nne zaidi. Kwa vikombe 8 anza na 10, na kikombe kimoja cha maji ya moto kikae pembeni kama utahitaji kunyunyiza. Chumvi na viungo vikali kama karafuu, pilipili manga na mdalasini navyo usivizidishe mara nne moja kwa moja: zidisha mara tatu, onja, ongeza.

*Pishi limeandika "bizari kijiko 1". Bizari gani?*
— Msomaji, Makunduchi

Angalia chakula. Pilau ni uzile, yaani bizari nyembamba. Mchuzi ni bizari ya mchuzi iliyochanganywa. Kama pishi linasema chakula kiwe na rangi, ni manjano. Pishi lisilosema kabisa, kwetu ni alama kwamba mwandishi hakulipika.

*Nimefuata pishi la kigeni la pweza wa kukaanga kwa dakika 3. Amekuwa kama ndara.*
— Msomaji, Mkoani

Dakika 3 ni za ngisi. Ama pishi limefasiriwa vibaya, ama limechanganya wanyama wawili. Pweza ana nyuzi ngumu zinazolainika kwa moto mdogo na muda mrefu tu. Mweke mzima sufuriani, bila chumvi, na nusu kikombe cha maji; atatoa mengi mwenyewe. Funika, moto uwe mdogo wa kutokota tu, dakika 45 hadi 60 kwa wa kilo moja. Choma kijiti mahali mkono unapoungana na kichwa, hapo pana unene zaidi. Kikiingia bila kusukumwa, ameiva. Mwache apoe ndani ya maji yake, ndipo umkate na kumkaanga hizo dakika 3 kwa mafuta ya moto sana, thomu na chumvi.

Ukimgandisha usiku mmoja kabla, barafu inazikata zile nyuzi na muda wa kuchemsha unapungua. Myeyushe ndani ya friji, si juani. Na nunua mkubwa kidogo kuliko unavyodhani, maana akiiva anabaki karibu nusu ya uzito wake.