Barua kwa mwanangu: Mkataba wa mahindi

Mwanangu,

Umeniuliza kama utie sahihi mkataba wa yule mnunuzi anayetaka mahindi yako yote ya msimu ujao kwa bei mtakayokubaliana sasa, ilhali sokoni bei inazidi kupanda. Tia sahihi, lakini si kwa mavuno yote.

Bei unayoiona leo ni ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Yako bado ni mbegu, na kila mkulima aliyeiona bei hiyo anapanua shamba kama unavyotaka wewe; mtakutana wote sokoni. Kumbuka mwaka 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari, bei ya ngano duniani ilipaa hadi kilele mwezi Machi, na kufika Julai ilikuwa imerudi karibu na pale ilipokuwa kabla ya vita. Mbolea nayo ilikuwa imepanda, kwani urea hutengenezwa kwa gesi asilia na gesi ilikuwa ghali. Aliyenunua mbolea kileleni akauza nafaka baada ya kushuka alibanwa pande zote mbili.

Kwa hiyo anza na daftari kabla ya kuzungumza na mnunuzi. Andika gharama za msimu: mbegu, mbolea, vibarua, usafiri, riba ya mkopo, na (hapa ndipo wengi hujidanganya) kodi ya kukodi shamba hata kama ni lako, pamoja na ujira wako mwenyewe. Tuseme unatarajia magunia 100, na kwa bei ya mkataba magunia 55 yanarudisha gharama zote. Ahidi hayo 55, mengine yafuate soko. Ukikuta gharama hazirudi mpaka uuze 90, basi mkataba hautakuokoa, punguza eka. Wala usiahidi zaidi ya unachovuna mwaka wa mvua haba, usije ukanunua mahindi ya wenzako kwa bei ya juu ili utimize ahadi.

Sasa karatasi yenyewe. Kila mtu husoma mstari wa bei. Wewe soma mingine. Mizani ni ya nani, na mzigo unapimwa mbele yako? Wakitaka unyevu wa asilimia 13, yakifika na 15 wanakata kiasi gani, au wanarudisha mzigo? Wanalipa baada ya siku ngapi? Na soko likishuka wakagoma kupokea, adhabu yao ni ipi? Mikataba mingi huandika adhabu ya mkulima tu. Mnunuzi akikataa kuandika ya kwake, mwache.

Ukishasaini, hata bei ipande mara mbili, usiuze pembeni yale 55. Mwaka bei itakapoanguka utamhitaji mnunuzi huyohuyo.

Trekta uliyoigusia, ikodi kwanza. Msimu mmoja wa bei nzuri hautoshi kukopea mashine ya miaka kumi. Nitumie nakala ya mkataba kabla hujasaini, kurasa zote.

Baba yako