Kabla hujachora duara la mita tatu

Wiki iliyopita nilisimama nyuma ya vijana wetu watatu kwenye kinu cha sembe, Uyole. Walikuwa wameweka kompyuta mpakato juu ya magunia ya pumba, wanachora zoni, yaani sehemu ambazo vumbi au gesi inaweza kulipuka. Eleveta, ile ya kupandishia mahindi, duara la mita tatu. Saikloni, ile ya kutenganisha vumbi na hewa, duara la mita tatu. Mashine ya kufungashia, duara la mita tatu. Nikauliza hiyo mita tatu imetoka wapi. Mmoja akanijibu kwa adabu zote: "Injinia, tumeitoa kwenye mchoro wa mradi uliopita." Na mradi uliopita uliitoa wapi? Kimya. Kinu kinaunguruma, wao wanatazama viatu.

Sikuwafokea. Wale watoto wana akili, wanajua kiwango cha kimataifa cha IEC 60079, sehemu ya 10-1 ya gesi na 10-2 ya vumbi, kuliko nilivyoijua mimi kwa umri wao, na wanakunywa chai yangu bila kuomba ruhusa, jambo ambalo nimeshalizoea. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Kosa walilokuwa wanalifanya nililifanya mimi, na kuna mtu analibeba mwilini mpaka leo. Kwa hiyo, wadogo zangu, nawaandikia.

1. Anza na watu wa shifti ya usiku. Kabla ya mchoro, kabla ya jedwali la vyanzo vya mvujo, kaa na anayefagia, anayezibua na anayebadilisha mikanda. Msalimie vizuri. Ukiwa Iringa, "kamwene" inafungua mdomo wa mzee kuliko kitambulisho chako. Muulize: nini hufunguliwa, mara ngapi, kwa muda gani, na kikiziba mnafanyaje? Swali la mwisho ndilo lenye zoni zako.

2. Hapa nitakaa kidogo.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipewa kinu cha mahindi kilichokuwa kando ya barabara kuu, upande wa Iringa. Nilifika saa nne asubuhi. Sakafu inang'aa, mashine zimefunikwa, meneja amevaa shati jeupe na shati limebaki jeupe. Nilizunguka ghorofa tatu kwa saa mbili. Ndani ya eleveta ya ndoo niliandika Zoni 20, yaani wingu la vumbi lipo muda mwingi, sawa. Kuzunguka kifuniko cha kuchungulia chini ya eleveta niliandika Zoni 22 kwa mita moja, kwa hoja kwamba kifuniko hufunguliwa kwa nadra. Nani aliniambia ni kwa nadra? Meneja. Yaliyobaki, pamoja na boriti zote za juu na taa zilizofungwa kwenye boriti hizo, niliandika si eneo hatarishi. Nikatia saini.

Taa mojawapo ilikuwa ya halojeni, ya wati 500, ya kawaida kabisa, imefungwa mita nne juu ya eleveta ile. Fundi umeme wao aliniuliza kama aibadilishe. Namkumbuka, alikuwa ameshika tochi kwapani na bisibisi mdomoni, akaitoa bisibisi ili aniulize vizuri. Nikamwambia iko nje ya zoni, iache.

Ambacho sikukijua, kwa sababu sikuuliza, ni kwamba sakafu ile ilikuwa inang'aa saa nne asubuhi kwa kuwa kila usiku, kuanzia saa nane, vijana walipanda na mpira wa kompresa wakapuliza boriti zote, vumbi lishuke, kisha wafagie. Dakika arobaini hivi. Kila usiku.

Fanyeni hesabu ambayo mimi sikuifanya. Dakika 40 kwa usiku 300 ni saa 200 kwa mwaka. Kadirio ambalo wengi wetu tunalitumia linasema wingu la vumbi likiwepo chini ya saa 10 kwa mwaka ni Zoni 22, kati ya 10 na 1,000 ni Zoni 21. Yaani ukumbi mzima niliouita salama ulikuwa unageuka Zoni 21 kila usiku, na kazi yenyewe ilikuwa kwenye ratiba, ina kifyagio chake na mtu wake. Jambo linalofanyika kila usiku ni uendeshaji wa kawaida, hata kama halimo kwenye mwongozo wa mashine.

Na hesabu ya pili. Chukua unga uliotuama boriti na sakafuni kwa unene wa milimita 1 tu, wenye uzito wa kilo 500 kwa mita ya ujazo. Uinue wote kwenye chumba chenye kimo cha mita 5. Unapata gramu 100 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Unga wa mahindi huanza kuweza kulipuka kwenye makumi ya gramu. Milimita moja! Ukiweza kuandika jina lako kwa kidole juu ya boriti, simama hapo hapo uanze kufikiri upya.

Ile taa ilikuwa imejikusanyia unga mgongoni. Tabaka kadiri linavyokuwa nene ndivyo linavyoanza kufuka kwenye joto dogo zaidi, kwa sababu joto halina pa kutokea. Ulikuwa unafuka taratibu bila mtu kuona, mpaka usiku mmoja kijana akauelekezea mpira wa kompresa. Upepo ule uliinua wingu na kaa la moto kwa pamoja.

Ukumbi haukulipuka. Madirisha mawili yalikuwa yamevunjika siku nyingi, na unga wa ghorofa ya juu haukufikiwa. Ulikuwa mwale mmoja wa moto, uliopita ukazimika. Lakini ulimpitia yeye: mikono yote miwili, shingo, na sikio la kushoto.

Nilikwenda hospitali siku ya tatu. Mama yake alikuwa amekaa kwenye beseni lililogeuzwa, kitenge mabegani, anamlisha uji kwa kijiko kwa kuwa mikono ya mwanawe ilikuwa imefungwa bandeji mpaka juu ya viwiko. Nikamwamkia. Akadhani ni mtu wa ofisini nimeleta fedha za dawa. Nikamwambia, mama, mimi ndiye niliyepima pale kinuni pakoje kwa moto. Akanitazama muda mrefu, kisha akasema: "Ulikuja usiku, baba?" Nikasema hapana. Akarudi kwenye uji.

Kijana alipona, makovu yamebaki, na kidole gumba cha kulia hakikunji. Ripoti yangu ninayo hadi leo. Kwenye ukurasa wa mchoro kuna alama ya kidole changu cha unga, nadhani niliiacha siku ile ile nilipokuwa nageuza karatasi. Unga ulikuwa mikononi mwangu, nikaandika eneo halina vumbi.

Msiseme kinu kile kilikuwa cha ajabu. Mwaka 2008, Georgia, Marekani, kiwanda cha sukari cha Imperial Sugar kililipuka, watu 14 wakafa. Mlipuko wa kwanza ulianzia ndani ya konveya iliyofunikwa. Uliotapakaa kiwandani ni ule uliofuata, wa vumbi lililokuwa limelala sakafuni na juu ya mitambo likisubiri kuinuliwa.

3. Baada ya moto ule meneja aliniuliza abadilishe taa zote ziwe za Ex, yaani zilizothibitishwa kutowasha mlipuko. Nikamwambia anunue kwanza mashine ya kufyonza vumbi inayofaa eneo la vumbi linalolipuka, aweke kifyonzio kwenye mdomo wa eleveta, na mpira wa kompresa atoke nao nje. Taa zilifuata. Uainishaji si orodha ya manunuzi ya umeme. Ukiweza kuua chanzo, ukiue, ndipo uchore kilichobaki.

4. IP65 si Ex. Inazuia vumbi na maji yasiingie ndani ya kifaa, haithibitishi kwamba hakitawasha mlipuko.

5. Baridi yetu inadanganya. Nimemsikia fundi wa Mbeya, mtu mzima, akisema spiriti hapa haitoi mvuke kwa sababu ya baridi. Ethanoli safi, vitabuni, mvuke wake huanza kushika moto kwenye nyuzi kama 13. Lakini hiyo imepimwa kwa kanieneo ya usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi, kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 82, na kila kilopaskali inayopungua hushusha kipimo hicho kwa robo nyuzi hivi. Toa karibu nyuzi tano. Sasa niambie ni stoo gani ya Mbeya iliyo chini ya nyuzi 8 saa sita mchana. Petroli ndiyo usiizungumze kabisa, yenyewe huanza kwenye nyuzi kama 40 chini ya sifuri, na mvuke wake ni mzito mara tatu au nne kuliko hewa. Hauendi juu, unatambaa mpaka kwenye shimo la valvu au mfereji wa maji ya mvua. Chora mashimo kwanza.

Hapo hapo: vifaa vingi vya Ex vimethibitishwa kwa hewa yenye kanieneo kati ya kilopaskali 80 na 110. Ukipanda juu ya mita 2,000, na kwetu kupanda huko si safari, uko nje ya huo mpaka. Ukipata kazi sehemu za Njombe za juu au Makete, soma cheti chote, halafu mwandikie mtengenezaji.

6. Hewa ya Januari si hewa ya Juni. Niliwahi kurudia kazi ya mwenzangu kwenye stoo ya rangi na thina karibu na Mafinga. Alikuwa ameandika hewa inapita vizuri muda wote, kwa kuwa kuta zina matundu pande mbili. Kweli zinayo. Nilifika Juni, na kila tundu limejazwa gunia la salfeti, kwa mkono wa mama anayegawa rangi, ambaye amekaa humo tangu saa moja asubuhi na ana haki ya kutotetemeka. "Wewe ungekaa humu?" akaniuliza. Nisingekaa. Tukamhamishia meza chumba cha pili chenye dirisha la kugawia, magunia yakatoka, ndipo nikaandika Zoni 2, yaani mvuke hutokea kwa nadra na kwa muda mfupi, kwa moyo mweupe.

7. Kundi la gesi (inawashika kwa urahisi gani) na daraja la joto (kifaa kiruhusiwe kupata moto kiasi gani) yaandikwe kwenye mchoro wenyewe, si kwenye kiambatisho ambacho fundi hatakiona. Na tarehe. Mchoro usio na tarehe mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, akiuliza utajibu nini?

8. Meneja akikwambia "kwa nadra", omba kitabu cha shifti.

Nyie watatu wa Uyole: yale maduara nimeyafuta yote, msinikasirikie. Nimeshaongea na msimamizi wa usiku. Alhamisi saa saba na nusu usiku tukutane geti la nyuma, tuwe ndani kabla hawajaanza usafi. Vaeni makoti, leteni daftari la karatasi, simu ziachwe kwenye gari. Chai nitaleta mimi.