Je, tarehe 10 Novemba imebeba nini?

SWALI: Mhariri, salamu nyingi kutoka Ujiji. Binti yangu alizaliwa Jumapili, tarehe 10 Novemba 2019, saa mbili usiku, katika siku za Maulidi. Mwalimu wake amemwambia kwamba tarehe yake ni kubwa katika historia ya mji wetu. Jirani yangu, kwa upande wake, anashikilia kwamba mtoto wa nyota ya nge huwa na kisirani na kinyongo, na kwamba nimtafutie kinga mapema. Naomba mnieleze tarehe hiyo ina historia gani, na kama ni kweli kwamba siku ya kuzaliwa humpangia mtu tabia. Baba yake naye anataka kujua siku hiyo inaangukia wapi kwa hesabu ya Kiislamu.
Mama wa binti, Ujiji.

JIBU: Mama, mwalimu wa binti yako amesema kweli. Kwa maelezo ya Henry Morton Stanley, ilikuwa Ijumaa, tarehe 10 Novemba 1871, alipoingia Ujiji na kumkuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti ambaye Ulaya ilikuwa haina habari zake za uhakika kwa miaka kadhaa. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald la Marekani, na safari yake ilianzia Bagamoyo mwezi Machi mwaka ule. Alikwama Tabora, kwa sababu vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, vilikuwa vimeifunga njia ya kwenda ziwani. Aliungana na Waarabu hao kupigana, wakashindwa, na mwezi Septemba akaamua kuzunguka kwa upande wa kusini, akavuka Malagarasi na kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watawala wa Uvinza na Uha kabla ya kuliona Ziwa Tanganyika. Msafara wake uliingia Ujiji kwa milio ya bunduki, bendera ya Marekani ikiwa mbele.

Livingstone mwenyewe alikuwa amerudi Ujiji siku chache tu kabla, akiwa mgonjwa na amedhoofu. Alitokea Manyema, nchi iliyo magharibi ya Ziwa Tanganyika, ambako tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, aliwaona wafanyabiashara wa watumwa wakiwafyatulia risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake, na mamia wakafa. Alipofika Ujiji alikuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimekwisha kuuzwa. Sisi tunaoishi na majirani na ndugu wenye asili ya Manyema hatuwezi kuisimulia siku ya kukutana kwa watu hawa wawili bila kuitaja siku ya Nyangwe, kwa maana hiyo ndiyo iliyomrudisha mzee huyo kando ya ziwa.

Lipo jambo ambalo mwalimu huenda hakulitaja, nalo ni kwamba tarehe yenyewe haina uhakika. Wote wawili walikuwa wameugua homa kali njiani na kupoteza hesabu ya siku. Maandishi ya Livingstone yanaweka kufika kwa Stanley mwishoni mwa Oktoba, na kurasa za siku zile ziling'olewa katika shajara ya Stanley, kwa hiyo hata maneno maarufu ya salamu yanayosimuliwa duniani kote, "Daktari Livingstone, nadhani?", tunayategemea kwa yale aliyoyachapisha baadaye. Livingstone aligundua kosa la hesabu yake kwa njia ambayo mtu wa Ujiji ataielewa upesi: mwezi wa Ramadhani ulipoandama, katikati ya Novemba 1871, aliulinganisha na kitabu chake cha majira ya nyota na mwezi, akaona kwamba alikuwa amekosea kwa takriban wiki tatu. Mwezi ulioandama juu ya Ujiji ndio uliomsahihishia kalenda yake. Hivyo tarehe 10 Novemba tunaishika kwa kuwa ndiyo iliyochapishwa na kuenea, na si vibaya binti yako akaijua hivyo, mradi aambiwe pia jinsi ilivyopatikana.

Kwa maoni yangu, uzito wa siku ile hauko katika salamu za wageni wawili. Uko zaidi kwa watu waliouwezesha mkutano huo: wapagazi waliobeba nguo, shanga na nyaya mabegani kutoka pwani, wenyeji waliouza chakula, na wahudumu wa Livingstone, hasa Susi, ambaye ndiye aliyemlaki Stanley nje ya mji kabla bwana wake hajamwona. Baada ya mkutano, wageni hao walipanda mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa na kuthibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki, jambo lililoondoa dhana kwamba Ziwa Tanganyika linapeleka maji yake katika mto Nile kupitia huko. Kisha walirudi pamoja hadi Kwihara, karibu na Tabora, wakaagana mwezi Machi 1872. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na ni Susi, Chuma na wenzao waliokausha mwili wake na kuubeba kwa miezi mingi, wakipitia Unyanyembe, hadi Bagamoyo. Ningependa binti yako ayajue majina hayo mawili kabla hajajua jina la gazeti lolote la New York. Jumba la makumbusho lipo hapo hapo Ujiji, nalo tembe la Kwihara, nyumba waliyokaa wageni hao, limehifadhiwa, kwa hiyo somo hili anaweza kulitembelea kwa miguu yake.

Tarehe hiyo ina mengine pia. Martin Luther alizaliwa Ujerumani tarehe 10 Novemba 1483, na kwa kuwa alibatizwa kesho yake, sikukuu ya Mtakatifu Martino, akapewa jina hilo. Mwaka 1995, tarehe hiyo hiyo, mwandishi Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane walinyongwa na serikali ya kijeshi ya Nigeria baada ya kutetea ardhi ya Waogoni iliyoharibiwa na uchimbaji wa mafuta. UNESCO nayo imeifanya kuwa Siku ya Sayansi Duniani kwa ajili ya Amani na Maendeleo. Kwa Kigoma, sayansi ina tarehe ya jirani kabisa: ni tarehe 4 Novemba 1960, pale Gombe, Jane Goodall alipomwona sokwe akitumia bua la nyasi kuwavua mchwa kichuguuni.

Sasa nyota ya nge. Katika falaki ya pwani inaitwa Akrabu, na mgawanyo unaotumika katika magazeti huwapa Akrabu watu waliozaliwa tangu takriban Oktoba 24 hadi Novemba 22. Mgawanyo huo uliwekwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Tangu hapo mhimili wa dunia umeendelea kuyumba polepole, mzunguko mmoja ukichukua takriban miaka 26,000, na matokeo yake ni kwamba tarehe 10 Novemba ya siku hizi jua huonekana likiwa mbele ya nyota za Mizani, si za Nge; huingia kwenye Nge karibu na Novemba 23. Kwa maneno mengine, jirani yako anamhukumu mtoto kwa nyota ambazo jua halikuwapo kwake siku alipozaliwa. Hata lingekuwapo, hakuna uchunguzi wa kuaminika uliowahi kuonyesha kwamba mahali pa jua hujenga tabia ya mtu.  Nakusihi usimtafutie kinga yoyote, na zaidi ya hapo usiruhusu aitwe mwenye kisirani mbele yake, kwa sababu mtoto huyasikia maneno hayo na huanza kuyaishi.

Kuhusu swali la baba: siku ya Kiislamu huanza jua linapotua. Binti alizaliwa saa mbili usiku, baada ya magharibi, kwa hiyo kwa hesabu hiyo alizaliwa usiku wa Jumatatu, si Jumapili. Mwezi ulikuwa Mfungo Sita wa mwaka 1441, nayo tarehe ni 13 au 14, ikitegemea mwezi ulionekana lini kwenu. Wazee wa msikiti mliosomea Maulidi mwaka ule wanaweza kulithibitisha. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo siku yake kwa hesabu hiyo itakuwa inatangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka, na itaikaribia tena tarehe 10 Novemba atakapokuwa na umri wa miaka 32 au 33.