Kabla hujaandika "uhalifu wa kivita": kwa mnaoanza kuripoti silaha na sheria

Ninyi mnaoingia sasa kwenye dawati la habari za kimataifa mtakutana mapema na sentensi hii: "Kutumia silaha hii ni uhalifu wa kivita." Ataitamka msemaji wa wizara, kesho mwanaharakati, keshokutwa balozi. Nimeihariri kwa miaka mingi, na karibu kila mara imebeba maswali matatu kwa mpigo. Silaha hiyo imepigwa marufuku? Marufuku hiyo inamfunga nani? Na yuko mtu anayeweza kupandishwa kizimbani kwa kuitumia? Majibu yake mara nyingi hutofautiana, na ukimpa msomaji jibu moja kwa yote matatu umemnyima habari yenyewe.

Anzeni na mabomu ya mtawanyiko, maana hayo ndiyo yatakayowasumbua zaidi. Kombora hufunguka angani na kumwaga vibomu vidogo, makumi au mamia, juu ya eneo pana. Mkataba wa kuyapiga marufuku ulipitishwa Dublin mwezi Mei 2008 na kuanza kutumika Agosti 1, 2010. Zaidi ya nchi 100 zimejiunga. Marekani, Urusi na Ukraine hazimo. Kwa hiyo Julai 2023, Marekani ilipotangaza kwamba inaipelekea Ukraine mabomu hayo, mkataba ule haukuvunjwa na yeyote kati yao. Mimi naupinga uamuzi ule waziwazi. Lakini ukiandika kwamba Marekani "imekiuka mkataba", anayeutetea atalishika kosa hilo moja na kutupa habari yako yote.

Sasa liweke kando yake shambulio la kituo cha treni cha Kramatorsk, Aprili 8, 2022. Raia walikuwa wamejazana wakisubiri treni ya kuwaondoa mashariki mwa Ukraine. Kombora la Tochka-U lenye vibomu liliwaangukia, na zaidi ya watu 50 wakafa. Urusi ilikana kuhusika. Mkataba wa Dublin haumfungi aliyefyatua, awe nani, ila hilo halimpi kinga. Kuwalenga raia, au kupiga ovyo bila kuwatenga na wapiganaji, ni kosa kwa silaha yoyote ile. Sisi wa ukanda huu tunalijua hilo kuliko wengi: mahakama ya Rwanda iliyokaa Arusha ilishughulikia mauaji ambayo mengi yalifanywa kwa panga, na hakuna mkataba uliowahi kupiga marufuku panga.

Kama una nafasi ya kusoma hukumu moja tu, soma ya Milan Martić, aliyekuwa kiongozi wa Waserbia wa Kroatia. Isome yote, usiridhike na muhtasari. Mei 2 na 3, 1995, maroketi ya M-87 Orkan yalipiga Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, kwa amri yake. Kila roketi ilibeba vibomu 288, na kila kibomu kilijaa gololi ndogo za chuma zaidi ya 400. Watu 7 walikufa na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Upande wa utetezi ulidai kwamba mjini mlikuwa na shabaha za kijeshi. Majaji wa mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Yugoslavia ya zamani, kule The Hague, wakaiuliza hesabu: roketi ilifyatuliwa kutoka karibu na mwisho wa uwezo wake, na kwa umbali huo iliweza kukosea kwa takriban kilomita nzima. Ndani ya kilomita hiyo kuna mitaa, maduka, hospitali. Basi kuwepo kwa shabaha za kijeshi hakukumsaidia, kwa sababu chombo chenyewe hakikuwa na uwezo wa kuzipata. Mwaka 2007 alihukumiwa miaka 35, na mwaka uliofuata rufaa ikaiacha adhabu hiyo ilivyo.

Angalia majaji walipoishia. Hawakutamka kwamba Orkan ni haramu kila itakapotumika. Waliipima roketi ile, kutoka umbali ule, juu ya mji ule uliojaa watu.

Ukimaliza hiyo, soma ya Ante Gotovina, jenerali wa Kroatia, kuhusu mizinga iliyopiga mji wa Knin Agosti 1995. Hapo mahakama ya kwanza iliweka kipimo cha mita 200: kombora likianguka mbali zaidi ya hapo kutoka shabaha halali, lihesabiwe kuwa limepigwa kinyume cha sheria. Mwaka 2011 akapewa miaka 24. Novemba 2012 rufaa ikakikataa kipimo hicho na kumwachia huru, majaji 3 kwa 2. Ni mahakama ileile iliyomfunga Martić. Ndiyo maana huwa nawabana waandishi wapya kuhusu mita. Kimefyatuliwa wapi, kimeangukia wapi, saa ngapi, jeshi lilikuwa umbali gani, raia walionywa? "Shambulio la kinyama" ni maneno ya kweli mara nyingi, lakini wakili hawezi kuyatumia na msomaji hawezi kuyapima.

Sasa kifungu cha 8 cha Mkataba wa Roma, unaoiongoza Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC. Wengi hudhani humo kuna orodha ndefu ya silaha. Ni fupi ajabu. Mwaka 1998 zilitajwa sumu, gesi za kukosesha pumzi na risasi zinazotanuka ndani ya mwili, na hizo kwa vita vya nchi na nchi pekee. Vita vyetu vingi ni vya ndani, na pengo hilo lilitugusa moja kwa moja. Lilizibwa hapa hapa kwetu, kwenye mkutano wa Kampala wa Mei na Juni 2010, kwa nchi zitakazoridhia marekebisho. Mwaka 2017 ziliongezwa silaha za kibiolojia, leza za kupofusha macho na silaha zinazoacha mwilini vipande visivyoonekana kwa eksirei. Mabomu ya mtawanyiko hayamo. Ya kutegwa ardhini hayamo. Nyuklia haimo. Kipo kipengele kuhusu silaha zinazoumiza kupita kiasi, ila kinategemea kiambatisho ambacho mataifa hayajakiandika hadi leo. Hilo linaniudhi, na sioni sababu ya kulificha.

Fosforasi nyeupe, kemikali inayowaka ikigusana na hewa, nitaigusa tu. Kuitumia kama moshi wa kuficha askari kunaruhusiwa. Kuwachoma raia nayo ni jambo jingine. Itifaki ya 1980 kuhusu silaha za moto inahesabu kile silaha ilichobuniwa kufanya hasa, na watengenezaji husema fosforasi ilibuniwa kwa moshi, hivyo haiingii humo. Kwa hiyo uliza ilitumika kufanya nini, na wapi.

Halafu pima pande zote kwa mizani moja. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza matumizi ya mabomu ya mtawanyiko ya majeshi ya Urusi, na pia ya Ukraine huko Izium mwaka 2022, ambayo Ukraine iliyakana. Wasomaji wetu wana kumbukumbu ndefu kuhusu nani hushtakiwa na nani huachwa, na wana haki ya kuona yote mawili kwenye ukurasa mmoja.

Mjadala ninaotaka muufuatilie kuliko yote ni ule wa muda. Laos ilimwagiwa vibomu vinavyokadiriwa kufika milioni 270 kati ya 1964 na 1973, na mamilioni havikulipuka. Mtoto anayekiokota kimoja leo aingizwe kwenye hesabu ya madhara ya shambulio la wakati ule? Wapo wanasheria wanaosema ndiyo, kwa kuwa aliyeyadondosha alijua sehemu yake haitalipuka; wapo wanaoifunga hesabu siku ya shambulio. Msumbiji ilitangazwa kuwa haina tena maeneo yenye mabomu ya ardhini mwaka 2015, miaka 23 baada ya vita kwisha, na kazi hiyo ilisaidiwa na panya buku waliofunzwa Morogoro. Kwa hiyo siku ileile ya shambulio, waulizeni wanajeshi maswali ambayo hawapendi kuulizwa: vibomu hivi hushindwa kulipuka kwa kiwango gani, ramani ya vilikoangukia iko kwa nani, na ni nani atakayelipa gharama ya kuvitegua.