Maswali ya Wasomaji: Uzito wa Mwili na Kazi za Zamu Hospitalini

Safu hii hupokea barua nyingi kuhusu lishe na afya ya mwili. Kwa toleo hili nimetenga tatu kutoka kwa watu wanaofanya kazi wodini au wanaojiandaa kuifanya. Nimeziweka pamoja kwa sababu shida yao ina mzizi mmoja, nao ni ratiba inayomlazimisha mtu kula wakati mwili wake unataka kulala, kisha kutafuta usingizi wakati majirani wanatwanga na watoto wanacheza uani.

Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja mkoani Morogoro, nina miaka 34 na watoto wawili. Nilipoajiriwa nilikuwa na kilo 61, leo nina kilo 79, na urefu wangu ni sentimita 160. Katika kliniki ya kisukari mimi ndiye ninayewafundisha wagonjwa namna ya kupunguza uzito, na juzi mama mmoja wa makamo alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sista, na wewe haya unayafuata?" Nilikosa la kumjibu. Kutwa nzima niko kwa miguu, na zamu za usiku sikai chini. Unene huu unatoka wapi?

Marahaba, mwanangu. Swali la yule mama limekuchoma, nami naelewa kwa nini, lakini halikuvui haki ya kuwafundisha wagonjwa. Unachowafundisha ni sahihi. Kinachokwamisha ni kwamba mafundisho yale yameandikwa kwa ajili ya mtu anayelala usiku na kula mchana, na wewe maisha yako hayako hivyo.

Tuanze na hesabu ambayo wewe mwenyewe huwapigia wengine. Kilo 79 ukizigawa kwa mita 1.6 mara 1.6 unapata takriban 31, nacho ndicho kielelezo cha uzito (BMI), na Shirika la Afya Duniani huhesabu kuanzia 30 kuwa ni kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Hujachelewa, ila huu ndio wakati wa kuchukua hatua, kabla presha na sukari hazijaanza kupanda.

Sasa hili la kuwa kwa miguu kutwa nzima. Tazama unavyotembea ukiwa kazini: hatua chache kutoka kitanda kimoja hadi kingine, unasimama kupima presha, unasukuma toroli ya dawa, unasimama tena kuandika kwenye faili. Miguu inavimba na kiuno kinauma, lakini moyo haupati nafasi ya kwenda mbio kwa muda wa kutosha, kwa hiyo unarudi nyumbani umechoka bila ya moyo na mapafu kupata mazoezi yanayohitaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, yaani ile inayokuacha uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Kuna jambo ndani ya mwongozo huo linalowafaa sana watu wa zamu: lile sharti la zamani kwamba zoezi lisilofika dakika 10 mfululizo halihesabiwi limeondolewa. Ukipanda ngazi kwa kasi kwa dakika nne unapopeleka sampuli maabara, hizo zinahesabiwa. Ukishuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani na kutembea kwa haraka, hizo pia zinahesabiwa.

Hata hivyo, nisikudanganye: kilo 18 hazikuja kwa kukosa mazoezi peke yake, na sehemu kubwa ninaiona katika zamu ya usiku. Mwili una saa yake ya ndani, na usiku wa manane kongosho, kiungo kinachotoa homoni ya kushusha sukari, halijibu chakula kama linavyojibu asubuhi, hivi kwamba sahani ileile ya wali inapandisha sukari ya damu juu zaidi ikiliwa saa nane usiku kuliko ikiliwa saa mbili asubuhi. Pamoja na hilo, mtu aliyelala saa chache huamka na homoni ya njaa ikiwa juu na ile ya shibe ikiwa chini, na ndiyo maana baada ya usiku mgumu hutamani mchicha hata kidogo, unatamani maandazi. Nchini Marekani, tafiti kubwa zilizofuatilia wauguzi, moja ikianza mwaka 1976 na nyingine mwaka 1989, zilionyesha kwamba kadiri miaka ya kuzungushwa katika zamu za usiku inavyoongezeka ndivyo uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili unavyopanda, na kwamba sehemu ya uhusiano huo inapitia katika uzito wa mwili. Wenzako wa mbali wamepita njia hiyohiyo, kwa hiyo usijiite mvivu.

Naomba ufanye jambo moja zamu yako ijayo: hesabu vijiko vya sukari. Wauguzi wengi ninaozungumza nao hunywa chai mara nne au tano kwa usiku mmoja ili wasisinzie, kila kikombe na vijiko vitatu vidogo. Vikombe vitano ni vijiko 15, na kwa kuwa kijiko kidogo kisichorundikwa kina takriban gramu nne, hizo ni gramu 60 za sukari, wakati kiwango cha juu kinachopendekezwa kwa siku nzima ni kama gramu 50, na ingekuwa bora zaidi kubaki chini ya 25. Hapo sijahesabu soda, ambayo chupa yake ya mililita 350 hubeba gramu 35 au zaidi, wala sambusa za kibanda cha nje ya geti. Ukiipunguza chai hadi vikombe viwili, kila kimoja na kijiko kimoja, utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote ya kienyeji unayouziwa kwa jina la kuyeyusha mafuta.

Kuhusu chakula chenyewe, kula mlo wako mkuu kabla ya kutoka nyumbani, saa kumi na mbili au saa moja jioni, na uwe mlo kamili: ugali wa kiasi, maharage au dagaa, matembele au mchicha nusu ya sahani. Beba kikopo chenye mayai mawili ya kuchemsha, konzi moja ya karanga, chungwa au kipande cha tikitimaji, ukile kati ya saa nne na saa sita usiku. Kuanzia saa sita hadi alfajiri jitahidi usile kitu, unywe maji, isipokuwa njaa ikikushika kwelikweli au kama una kisukari na unatumia dawa za kushusha sukari. Ukitoka zamu, kula kitu chepesi kama uji wa ulezi usio na sukari nyingi ili njaa isikuamshe saa tano asubuhi.

Kisha ulale, mwanangu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Muuguzi akitoka zamu huonekana hana kazi kwa kuwa yuko nyumbani, basi anaosha vyombo, anafua, anampeleka mtoto kliniki, anapitia sokoni, na saa nane mchana ndipo anapojilaza kwa saa mbili. Mwili wa mtu mzima unahitaji saa saba au zaidi. Zungumza na mwenzio na watu wa nyumbani, waambie kwamba baada ya zamu ya usiku, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri, wewe haupo, kama vile usivyokuwepo ukiwa kazini. Hata kanga mbili nzito zilizofunikwa dirishani zinasaidia, na simu ibaki chumba kingine. Kikombe cha mwisho cha chai au kahawa kiwe kabla ya saa tisa usiku, kwa sababu baada ya muda wa saa tano hivi nusu ya kafeini bado iko mwilini.

Usijiwekee lengo la kurudi kilo 61 mwaka huu. Asilimia tano ya uzito wako ni kilo nne, na kupungua kwa asilimia tano hadi 10 kunatosha kushusha presha na sukari kwa kiwango kinachoonekana. Kwa viongozi wa hospitali wanaosoma safu hii, nawaomba mfikirie chumba cha kupumzikia, maji safi ya kunywa na chakula cha kununulika usiku kwa wafanyakazi wenu. Muuguzi aliyeachiwa kibanda cha maandazi pekee saa tisa usiku hawezi kulaumiwa kwa kula maandazi.

Shikamoo mama mshauri. Nasoma uuguzi mwaka wa pili hapa Dodoma na ninaishi hosteli, ambako haturuhusiwi kupika. Asubuhi nakunywa chai na maandazi, mchana mara nyingi silali wala kula kwa sababu tunatoka darasani tunaingia wodini, jioni nakula chipsi mayai. Nguo zote zimenibana. Wenzangu wanakunywa majani ya chai ya kupunguza tumbo na wanasema yanafanya kazi ndani ya wiki. Kukimbia barabarani naona aibu, vijana wa bodaboda wanapiga kelele. Nifanyeje?

Marahaba, binti yangu. Hayo majani naomba uyaache. Mengi ya mchanganyiko huo unaouzwa kwa jina la kupunguza tumbo huwa na sanamaki, na sanamaki ni dawa ya kuharisha. Mizani inashuka kwa sababu umepoteza maji na chumvi, wala si mafuta, na ukinywa soda mbili na kulala usiku mmoja uzito umerudi. Mwakani mtafundishwa kwa undani, au huenda mmeshafundishwa, kwamba potasiamu, mojawapo ya chumvi hizo, ikishuka sana katika damu moyo unaweza kuvuruga mapigo yake. Mwanafunzi wa uuguzi hapaswi kujifunzia jambo hilo juu ya mwili wake mwenyewe.

Kisa chako kiko katika kuruka mchana. Mtu aliyekaa tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni kwa maandazi mawili hawezi kukaa mbele ya kikaango cha chipsi akachagua kwa busara, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kilokalori 120, kabla hujafika kwenye viazi na mayai. Kula mchana, hata kwa dakika 15. Kwa mama lishe omba wali nusu, maharage kijiko zaidi, mboga za majani mara mbili. Atakubali, kwa kuwa maharage na mboga havimgharimu kama nyama. Asubuhi badilisha maandazi kwa viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha na yai, na kwenye mfuko wa koti jeupe weka ndizi mbivu na karanga. Chipsi mayai usiziapie kuziacha. Zibakize kwa jioni ya Ijumaa, ule na rafiki zako kwa furaha.

Kuhusu kukimbia, aibu yako ina sababu na sitakulazimisha upite mbele ya watu wanaokusumbua. Kamba ya kuruka inapatikana kwa bei ndogo, na zoezi lake linafanyika nyuma ya hosteli: ruka kwa dakika moja, pumzika nusu dakika, rudia mara kumi. Ongeza kuchuchumaa na kuinuka mara 15 kwa mizunguko mitatu, na kujisukuma juu ukiwa umeegemea ukingo wa kitanda ikiwa sakafuni bado kugumu. Misuli hiyo ya mapaja na mgongo utaihitaji siku utakapomgeuza mgonjwa mwenye kilo 90 bila msaidizi. Tafuteni wenzako watatu au wanne mfanye pamoja saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu jioni mwanafunzi wa uuguzi huwa hana nguvu tena. Wakati wa mitihani punguza iwe siku mbili kwa wiki, lakini usiache kabisa.

Mimi ni afisa wa kliniki Mombasa. Uzito wangu unanipa kielelezo cha uzito (BMI) cha 28, sina kisukari wala presha. Wenzangu wawili wanajidunga sindano za semaglutaidi, dawa ya kupunguza uzito, wanazozipata kwa urahisi kwa kuwa wako karibu na famasi, nao wamepungua sana. Je, nami nianze?

Ndugu yangu, kwa hali uliyoieleza, jibu langu ni hapana. Dawa hizi ni za kweli na zinawasaidia wengi, lakini kwa ajili ya uzito hutolewa kwa mwenye kielelezo cha 30 au zaidi, au kuanzia 27 iwapo ana ugonjwa unaoambatana na uzito kama vile presha au kisukari. Huna hata kimoja, isipokuwa vipimo vionyeshe vingine. Anayezitumia lazima achunguzwe kwanza, kwani hazimfai mwenye historia ya saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula katika familia yake, na aliyewahi kuvimba kongosho anahitaji tahadhari kubwa. Wengi hurudisha sehemu kubwa ya uzito wanapoziacha, na katika kile kinachopungua kuna misuli pia, si mafuta matupu. Ukaribu na famasi ni kishawishi cha watu wa kada yetu, nao umetuletea mambo mengi mabaya kabla ya sindano hizi.

Kabla ya yote, pima kiuno chako kwa utepe ukiwa umepumua nje, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mwanamume, kuanzia sentimita 94 ni dalili kwamba mafuta yamejikusanya tumboni, na kama unanyanyua vyuma hiki kitakueleza zaidi kuliko mizani. Pima na sukari ya damu kabla ya kula, mafuta ya damu na presha, kisha vipeleke kwa daktari ambaye si rafiki yako wa zamu.