Jibu: Kichujio cha tatu kinarudishaje mwanga?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini vichujio viwili vya kupolarisha (yaani vinavyopitisha mwanga unaotetemeka kwa mwelekeo mmoja tu, uitwao mhimili wa kichujio) vilivyokingamana kwa nyuzi 90 huzuia mwanga wote, ilhali ukipachika cha tatu katikati yao, kwa nyuzi 45, mwanga hupita tena.

Kosa, ambalo nami nililishikilia kwa muda mrefu, ni kukidhania kichujio kuwa ungo unaopunguza tu. Kichujio hupitisha ile sehemu ya mtetemo iliyo sambamba na mhimili wake, na mwanga unaotoka hutetemeka kwa kuufuata mhimili huo mpya, bila kubeba alama yoyote ya mwelekeo wa awali. Kwa hiyo hakiki kwanza kwamba kila pembe unaipima kutoka kichujio kilichotangulia. Mwanga wa kawaida hubaki nusu baada ya kichujio cha kwanza. Kisha, kwa kanuni ya Malus, ukali huzidishwa kwa mraba wa kosaini ya pembe, ambao kwa nyuzi 45 ni nusu, hivyo baada ya kichujio cha katikati hubaki robo ya mwanga wa awali, na baada ya cha mwisho, kilicho nyuzi 45 zaidi, 1/8. (Vichujio halisi hupitisha pungufu kidogo, kwa kuwa navyo hufyonza.)

Jaribu pia kukihamishia hicho cha tatu nyuma ya vile viwili: giza litabaki palepale.